Mpunga Haukukuta Watu Wenye Njaa

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na ninyi mliokuja kwa sababu tu mnaipenda historia, ahsanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jinsi kilimo kilivyoanza katika Japani ya kale. Ni somo ninalolipenda mno, kwa hiyo mniwie radhi nikikawia pale panaponogea.

Simulizi tuliyoizoea inakwenda hivi: palikuwa na wawindaji, maisha yao yalikuwa ya kubahatisha, kisha mpunga ukaja kutoka ng'ambo, watu wakashiba, na ustaarabu ukaanza. Ushahidi uliotoka ardhini Japani unaikataa simulizi hiyo karibu hatua kwa hatua. Mpunga uliwakuta watu wanaojitosheleza, wanaoijua mimea yao kwa undani, na kila jamii ikaamua mambo yake yenyewe. Wako walioupokea upesi. Wako waliouweka kando kwa mamia ya miaka huku wakiuona kwa majirani. Na wako walioulima vizuri kabisa, kisha wakauacha.

Nianze na kitako cha chungu. Mwaka 1925 mwanaakiolojia Yamanouchi Sugao aliandika juu ya kigae kilichotoka kwenye lundo la makombe, yaani jaa la kale la makombe yaliyotupwa baada ya kuliwa, la Masugatagakoi, mkoani Miyagi, upande wa kaskazini mashariki wa kisiwa kikuu cha Honshu. Chini ya kigae hicho palikuwa na alama ya punje ya mpunga. Mfinyanzi alikiweka chungu kibichi chini, juu ya punje iliyokuwa imedondoka. Chungu kilipochomwa, punje ikateketea, lakini umbo lake likabaki kwenye udongo. Wakati ule wengi hawakuamini kwamba watu waliotumia zana za mawe huko kaskazini waliujua mpunga. Alama yenyewe ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ndiyo iliyowalazimisha kufikiri upya.

Kilichonivutia zaidi ni mahali kazi hiyo ilipofikia siku hizi. Mtafiti hukaa na masanduku ya vigae, kigae kimoja baada ya kingine, akitafuta tundu lolote lenye umbo la kitu. Akilipata, hulisafisha, hulipaka dawa ya kukinga udongo, kisha humimina silikoni laini ndani yake. Ikikauka huichomoa, na anachokishika mkononi ni nakala ya mbegu iliyooza maelfu ya miaka iliyopita. Nakala hiyo huwekwa chini ya hadubini ya elektroni, na hapo kila mfereji wa ganda, kila kovu la kikonyo, huonekana. Uzuri wa njia hii ni kwamba mbegu haiwezi kuwa mgeni aliyejipenyeza. Punje iliyoungua inaweza kuporomoka kupitia shimo la panya kutoka tabaka la juu hadi la chini na kumdanganya mchimbaji. Alama iliyo ndani ya udongo wa chungu ina umri wa chungu chenyewe.

Na haikutoa mbegu tu. Obata Hiroki wa Chuo Kikuu cha Kumamoto na wenzake walikuta alama za fukusi, wale wadudu wadogo wenye mdomo mrefu wanaotoboa nafaka ghalani. Zamani ilidhaniwa kwamba fukusi waliingia Japani pamoja na mpunga. Lakini kwenye kisiwa cha Tanegashima, kusini kabisa, alama zao zimekutwa kwenye vigae vya miaka ipatayo 10,000 iliyopita, wakati mpunga haujawaziwa huko. Na mbali sana kaskazini, pale Tatesaki kwenye kisiwa cha Hokkaido, kilipatikana chungu kimoja ambacho ndani ya udongo wake mlikuwa na fukusi wapatao 500. Walikuwa wanakula nini? Jibu linaloelekea kuwa sahihi ni chesnati, ambazo ni kokwa za mti zinazoliwa, na mbegu za mwaloni zilizohifadhiwa. Mti wa chesnati, ambao Wajapani huuita kuri, hauoti wenyewe Hokkaido. Walioufikisha huko ni watu, na fukusi wakapanda nao chombo. Mahali penye fukusi wengi kiasi hicho ni mahali penye akiba, na watu wenye akiba hawaishi kwa kubahatisha.

Hao ndio Wajomon, wenyeji wa visiwa hivyo kabla ya mpunga. Wanaitwa hivyo kutokana na vyungu vyao vilivyopambwa kwa kuviringishiwa kamba. Mmarekani Edward Morse ndiye aliyevichimbua kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1877, katika lundo la makombe la Omori karibu na Tokyo, ambalo alikuwa ameliona kupitia dirisha la treni. Vyungu vya mwanzo kabisa, visivyo na pambo lolote, vimetoka Odai Yamamoto mkoani Aomori, na masizi yaliyoganda juu yake yamepimwa kwa kaboni 14 yakatoa umri wa miaka ipatayo 16,000. Sisi tuliosoma kwamba ufinyanzi ulizaliwa na kilimo tunapaswa kutulia kidogo hapo. Japani, chungu kimelitangulia jaruba kwa zaidi ya miaka 10,000.

Pale pale Aomori kuna Sannai-Maruyama. Mwaka 1992 uchimbuzi wa dharura ulianza kwa sababu palitakiwa kujengwa uwanja wa besiboli. Kilichotokea chini kilikuwa kijiji kilichokaliwa tangu takriban mwaka 3900 KK hadi 2200 KK. Kulikuwa na mashimo sita makubwa kwa mistari miwili, na ndani yake visiki vya nguzo za chesnati zenye kipenyo cha karibu mita 1, kila moja ikiwa mita 4.2 kutoka nyingine. Mwaka 1994 mkoa ukausimamisha ujenzi wa uwanja, na mwaka 2021 UNESCO ikaliingiza eneo hilo, pamoja na mengine 16 ya Wajomon wa kaskazini, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nawapongeza kwa dhati wananchi waliopaza sauti wakati ule.

Chesnati za Sannai-Maruyama zilipopimwa DNA zilionekana kufanana zenyewe kwa zenyewe kuliko za porini. Chavua iliyobaki kwenye udongo nayo inaonyesha kwamba msitu wa mchanganyiko ulipungua kuzunguka kijiji, chesnati zikazidi. Watu walikuwa wanachagua miti, wanaitunza, na yumkini wanaipanda. Kule kwenye nyanda za juu za katikati, mikoa ya Yamanashi na Nagano, alama za soya na za maharage madogo mekundu ya azuki zimekutwa kwenye vyungu vya Wajomon, kwa mfano pale Sakenomiba, na kadiri karne zilivyosonga punje hizo zilikuwa kubwa kuliko za mmea wa mwituni. Punje haikui hivyo bila mkono wa mtu anayechagua mbegu mwaka hadi mwaka.

Sasa, hicho ni kilimo au si kilimo? Wataalamu wamebishana miaka mingi. Mimi naona ubishi huo umetupotezea wakati. Mtu anayetunza bustani ya miti, anayechagua mbegu ya soya, anayehifadhi akiba ya kuvuka majira ya baridi, na bado anavua samaki na kuwinda paa, hakuwa njiani kuelekea kwenye kitu kingine. Alikuwa amefika. Alikuwa na njia yake ya kuishi na nchi yake, na iliendelea kwa muda mrefu kuliko historia yote iliyoandikwa.

Mpunga wenyewe ulianza kufugwa mbali, katika bonde la mto Yangtze nchini China. Ukapanda polepole kuelekea kaskazini, ukaingia rasi ya Korea, na huko ukakutana na wakulima waliokuwa tayari wanalima nafaka ndogo ndogo za jamii ya uwele. Kutoka ncha ya kusini ya Korea hadi kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu ni kama kilomita 200 za bahari, na katikati kuna visiwa vya Tsushima na Iki. Siku ya anga safi, mtu aliyesimama Tsushima huiona Korea kwa macho yake. Na watu walikuwa wakivuka tangu zamani. Mawe meusi ya kioo cha volkano kutoka mlima Koshidake, mkoani Saga, yamekutwa Dongsam-dong, katika jiji la Busan, kusini mwa Korea, katika matabaka ya maelfu ya miaka kabla ya mpunga. Kwa hiyo wavuvi wa Kyushu waliwajua jirani zao. Yumkini wengine waliwahi kuonja wali wao. Hawakuona haja ya kuulima.

Kisha jambo likabadilika. Mwaka 1978, pale Itazuke katika jiji la Fukuoka, wachimbuzi walifika chini ya shamba la kale lililokuwa linajulikana wakakuta jingine, la zamani zaidi, lenye vigae ambavyo vitabu vyote vilivihesabu kuwa vya Wajomon wa mwisho. Lilikuwa shamba kamili. Kulikuwa na mfereji mkuu uliochimbwa kando ya mwinuko. Ndani ya mfereji kulikuwa na banio la miti la kuinua maji, na tundu la kuyaingiza jarubani. Matuta yalikuwa yameshikiliwa kwa vigingi na mbao. Kwenye tope, mafuriko yalikuwa yamefunika nyayo za watu, vidole vyote vitano vikionekana. Miaka michache baadaye, Nabatake katika mji wa Karatsu pakatoa majaruba ya umri wa aina hiyo, pamoja na punje za mpunga zilizoungua, majembe ya mti mgumu, na hata mbegu za magugu ya shamba la maji.

Hayo magugu yananishawishi kuliko punje. Punje ya mpunga inaweza kuletwa kama zawadi au bidhaa. Magugu ya jarubani hayaletwi na mtu kwa makusudi. Huja yamechanganyika na mbegu ya kupanda, na huota tu pale maji yanapofungiwa na kufunguliwa kwa majira. Ukiyakuta, umelikuta shamba zima na mwenye kulilima.

Tazameni pia kisu cha kuvunia. Ni jiwe bapa lililosuguliwa, lina umbo la nusu mwezi, na karibu na mgongo wake limetobolewa matundu mawili. Kamba hupitishwa humo, vidole huingizwa kwenye kitanzi, jiwe likakaa kiganjani. Mvunaji hushika suke, hulikunja juu ya makali, hulikata, hulitia kikapuni, kisha linafuata jingine. Waliopo hapa waliowahi kuvuna mpunga kwa kisu kidogo, suke kwa suke, wanaelewa mara moja kwa nini: mpunga wa zamani haukuiva wote kwa siku moja, kwa hiyo unachukua uliokomaa na kuuacha ule mbichi usubiri. Visu vya namna hiyo viko Korea, na vilipoingia Kyushu viliingia pamoja na aina ya vyungu, nyumba na makaburi. Haikuingia mbegu peke yake. Uliingia mfumo mzima, kuanzia banio hadi kinu na mchi, na mtu hajifunzi mfumo kama huo kwa kutazama kwa mbali. Lazima watu walivuka bahari, wakakaa, wakafundisha.

Ni akina nani basi waliolima mashamba hayo ya kwanza? Hapa ndipo mjadala unapokuwa mkali. Pale Shinmachi, mkoani Fukuoka, kuna makaburi ya mtindo wa Korea, yaliyofunikwa kwa jiwe kubwa juu. Ungetegemea kuwakuta wageni ndani yake. Mifupa iliyomo lakini ina sura za Wajomon, tena wengine wameng'olewa meno kwa desturi, kama walivyofanya Wajomon. Mmoja wao ana kichwa cha mshale wa jiwe lililosuguliwa kimenasa kwenye mfupa wa paja. Wenyeji, basi, walikuwa wameingia katika mambo mapya kwa miguu yote miwili, hata kwenye mazishi. Na amani haikuwa kamili tangu mwanzo.

Upande wa pili wa mlango wa bahari unaotenga Kyushu na Honshu, pale Doigahama mkoani Yamaguchi, Kanaseki Takeo alianza mwaka 1953 kuchimbua makaburi ya mchangani. Hadi sasa yametoa mabaki ya watu wapatao 300 wa karne za baadaye kidogo. Hao ni warefu zaidi, nyuso zao ndefu na bapa. Kanaseki alisema ni wazao wa waliotoka Korea waliochanganyika na wenyeji. Jenomu, yaani DNA yote, ya mmoja wa watu wa Doigahama, iliyosomwa miaka ya karibuni na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, inaunga mkono kwamba sehemu kubwa ya asili yake ilipitia rasi ya Korea, na ndani yake mna urithi wa Wajomon pia. Kwa Wajapani wa leo wa visiwa vikuu, urithi huo wa Wajomon ni kati ya asilimia 10 na 20; kwa Waainu, wenyeji wa asili wa kaskazini, na watu wa visiwa vya kusini vya Okinawa ni mkubwa zaidi.

Wanafunzi huniuliza: kama wakulima wa kwanza walikuwa na sura za Wajomon, mbona wazao wa leo wana asili ya bara kwa kiasi hicho? Nakahashi Takahiro wa Chuo Kikuu cha Kyushu alilifanyia hesabu swali hilo miaka ya 1990 pamoja na mwenzake. Hesabu yao ilionyesha kwamba wageni wachache, ikiwa kaya zao zinaongezeka upesi kidogo kuliko za wawindaji, wanaweza kuwa wengi baada ya karne chache tu. Huhitaji jeshi wala majahazi mamia. Na utafiti wa jenomu wa mwaka 2021 uliofanywa na kundi la Trinity College Dublin na wenzao wa Japani umeongeza kwamba wimbi kubwa jingine la watu kutoka bara lilikuja baadaye, wakati wa makaburi ya vilima ya Kofun. Kwa hiyo tusimtwike mkulima wa kwanza wa Itazuke mzigo wa karne kumi zilizofuata.

Nimesema karne kumi, na hilo nalo lina kisa. Kipindi cha wakulima hao kinaitwa Yayoi, kwa sababu chungu cha kwanza cha aina yao kilipatikana mwaka 1884 katika mtaa wa Yayoi, Tokyo. Kwa muda mrefu vitabu vyote vya Japani viliandika kwamba kipindi hicho kilianza karne ya 5 au ya 4 KK. Mwaka 2003, Jumba la Taifa la Makumbusho ya Historia ya Japani, lililoko Sakura mkoani Chiba, lilitangaza vipimo vipya vya kaboni 14 vya masizi ya vyungu vya kaskazini mwa Kyushu. Vilirudisha mwanzo wa Yayoi hadi karne ya 10 KK. Miaka 500 iliongezwa kwa siku moja!

Upinzani ulikuwa mkubwa, na ulikuwa na hoja. Kwanza, kati ya karne ya 8 na ya 5 KK kaboni 14 haitoi jibu kali; sampuli za karne mbalimbali huonekana zina umri mmoja. Pili, masizi ya chungu kilichopikiwa samaki wa baharini yanaweza kutoa umri mkubwa kuliko ukweli. Tatu, kulikuwa na shoka la chuma la Magarita, Fukuoka, lililohesabiwa kuwa la mwanzo wa Yayoi. Mwanzo huo ukiwa karne ya 10, chuma kitakuwa kimetangulia enzi yake hata kwa China. Wataalamu wakarudi kwenye daftari za uchimbuzi, wakakuta kwamba mahali vyuma hivyo vya mapema vilipotoka hapakuwa na uhakika kama ilivyodhaniwa. Leo wengi wanakubali karne ya 10 au ya 9 KK kwa Kyushu, na wachache huishusha kidogo. Mimi nimeshawishika na tarehe ya zamani.

Na tazameni inavyobadilisha kila kitu. Kwa hesabu ya kale, mpunga ulivuka visiwa kama moto wa nyika. Kwa hesabu mpya, umetumia karne tatu hivi kutoka Kyushu hadi eneo la Osaka na Nara. Uwanda wa Kanto, ambako Tokyo iko leo, ulipata majaruba makubwa kwenye karne ya 3 KK, kwa mfano pale Nakazato katika mji wa Odawara, penye vyungu vya mtindo wa pwani ya Seto huko magharibi, dalili kwamba wako watu waliokuja kutoka huko. Tangu Itazuke hadi Nakazato ni zaidi ya miaka 600. Vizazi zaidi ya ishirini viliishi Kanto vikijua, au vikisikia, kwamba magharibi watu wanalima kwenye maji.

Kwa nini mashariki walichelewa? Koyama Shuzo alikadiria kwamba katikati ya kipindi cha Jomon visiwa vilikuwa na watu wapatao 260,000, na kwamba mwishoni walishuka hadi kama 76,000. Wengi wao walikuwa mashariki na kaskazini, kwenye chesnati, samaki aina ya salmoni na bahari tajiri. Magharibi watu walikuwa wachache. Hesabu zenyewe ni za kukadiria, lakini mgawanyo huo unaonekana kila mahali kwenye idadi ya vijiji. Mpunga ulikwenda haraka pale ambapo ardhi ya bondeni haikuwa na mwenyewe, ukapunguza mwendo pale palipokuwa na wenyeji wengi wenye maisha mazuri. Katika nyanda za juu za katikati walipokea kwanza nafaka ndogo ndogo, wakazilima milimani, na uchunguzi wa mafuta yaliyojipenyeza kwenye vyungu vya sehemu hizo unaonyesha kwamba mapishi hayakubadilika sana. Jikoni palibaki vilevile muda mrefu baada ya shamba kubadilika.

Nataka niseme neno juu ya kwa nini simulizi rahisi ilipendwa mno. Mwaka 1943, katikati ya vita, wajenzi wa kiwanda cha silaha mjini Shizuoka walikutana na mbao za kale kwenye tope. Ni pale Toro. Vita vilipokwisha, mwaka 1947, nchi ikiwa imeshindwa, miji imeungua na chakula ni cha mgawo, wanaakiolojia, wanajiolojia, wataalamu wa mimea na wanafunzi walikusanyika Toro kuchimba. Wakafunua kijiji cha karne ya 1 BK au karibu yake, majaruba yaliyozungushiwa mbao za mti wa sugi, na maghala yaliyoinuliwa juu ya nguzo zenye vibao vya kuzuia panya. Mwaka uliofuata ikaundwa Jumuiya ya Wanaakiolojia wa Japani. Kabla ya hapo watoto walifundishwa kwamba taifa lao limeanzia kwa miungu na wafalme. Sasa walionyeshwa wakulima wa kawaida, majembe yao na mbao walizovaa miguuni za kukanyagia matopeni. Naelewa kabisa kwa nini picha hiyo ilishika mioyo. Ilikuwa dawa kwa watu waliovunjika. Lakini iliwasukuma Wajomon kwenye kivuli kwa miaka mingi, kama vile Japani ilianza siku tuta la kwanza lilipoinuliwa.

Na haikuwaonyesha watu gharama yake. Pamoja na majaruba yalikuja mahandaki ya kuzungushia vijiji, mapema sana huko Fukuoka, na baadaye Yoshinogari, mkoani Saga, ambako handaki la nje lina urefu wa kilomita 2.5 hivi na ndani ya moja ya majeneza ya vyungu vikubwa alizikwa mtu asiye na kichwa. Maji ya mfereji lazima yagawanywe, na anayeyagawa hupata nguvu. Sitaingia huko leo.

Naomba tumalizie kaskazini, ambako mambo hayakwenda kama vitabu vinavyotaka. Mpunga ulifika Aomori, ncha ya juu ya Honshu, kwenye karne ya 4 KK, kabla ya kukubalika Kanto! Ulipita pwani ya magharibi, inaelekea kwa vyombo. Kuna majaruba ya Sunazawa, na baadaye Tareyanagi katika kijiji cha Inakadate, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilifunuliwa jaruba 656, ndogo ndogo, zimepangwa safu kwa safu na nyayo za wakulima zikiwa zimejaa humo. Waliolima hapo walikuwa wazao wa Wajomon wa hapohapo. Vyungu vyao vinaendeleza desturi ya mababu. Walilima vizazi kadhaa. Kisha mafuriko yakalifunika Tareyanagi kwa mchanga, hali ya hewa ikazidi kuwa baridi, na hawakuchimbua tena mifereji. Karne chache zilizofuata, kaskazini mwa Honshu kulikuwa na vyungu na maisha yaliyofanana na ya Hokkaido. Kusini kidogo, kwenye uwanda wa Sendai, majaruba ya Kutsukata yalifunikwa na mchanga wa tsunami miaka ipatayo 2,000 iliyopita, jambo ambalo wengi hawakulipa uzito mpaka maji yaliporudi mwaka 2011.

Wako wanaoyaeleza ya Aomori kuwa ni kushindwa. Siafiki. Watu hawa walikuwa na njia mbili za kuishi mikononi, wakatumia ile iliyowafaa wakati ilipowafaa. Wenzao wa Hokkaido hawakulima mpunga kabisa. Jedwali la nyakati la kisiwa hicho halina Yayoi, lina kipindi kinachoitwa Zoku-Jomon, yaani mwendelezo wa Jomon, kilichofika hadi karne ya 7 BK. Hawakuwa wametengwa. Walivua salmoni, walifanya biashara, walipata vyuma na shanga za ng'ambo, na makaburi yao yana makombe ya bahari za joto za kusini. Okinawa nako kilimo kilishika mizizi karibu na karne ya 11 BK tu. Mpunga wa Hokkaido ulikuja kufanikiwa mwaka 1873, Nakayama Kyuzo alipovuna Shimamatsu, karibu na Sapporo, aina iliyostahimili baridi, na leo mkoa huo ni miongoni mwa inayoongoza Japani kwa mavuno. Ulihitaji mbegu nyingine na serikali iliyotaka walowezi wakae huko. Wenyeji wa kale hawakuhitaji kimojawapo.

Nakomea hapo, mwenyekiti, ili tupate muda wa maswali. Ahsanteni sana.